Kulia kwa Mlango

Jumatatu, 10 Machi

Nimeanza daftari hili leo kwa sababu nimepata mfalme. Si kila siku mtu wa Rodi Kopany anapata mfalme, tena siku ya kufua, mikono ikiwa na povu hadi viwikoni. Naliandika kwa Kiswahili kwa kusudi. Ndugu zangu ni wadaku, lakini Kiswahili changu huwachosha kabla ya kufika chini ya ukurasa. Nilikifundisha miaka thelathini pamoja na sanaa, katika shule ambayo haikujali hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Mjumbe alikuja amevaa suti na viatu vyenye tope. Jina lake ni Ratemo.

"Mwalimu Kezia Awino? Mimi natoka kasri."

"Kasri gani?"

"Kasri ya Ruoth."

Ruoth kwa Kijaluo ni mtawala. Mfalme, ukipenda makubwa. Huyu ni Zadock. Mpaka mwaka juzi alikuwa Zadock tu, mnunuzi wa dhahabu kule Macalder, mwenye mgodi wa chini na mizani juu ya meza. Kisha akawaalika wazee arobaini hotelini Migori, akawalisha samaki na mbuzi, na kufikia wakati wa kunawa mikono alikuwa ametawazwa. Sasa anataka picha tano za kuchonga kwenye ubao na kuchapa kwa wino. Kila picha iwe ya fumbo, mwanamke mmoja akisimama badala ya jambo: Amani, Umoja, Kazi, Haki, na ya tano, kubwa kuliko zote, Kenya. Na kando ya kila mwanamke, bila shaka, Ruoth.

Nilikubali kabla Ratemo hajamaliza kueleza. Nayaandika haya nisije nikajidanganya baadaye.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nguo hazijakauka.

Ijumaa, 14 Machi

Kasri iko orofa ya pili, juu ya duka la magodoro, nyuma ya kituo cha petroli Migori. Kiti cha enzi ni sofa lililofunikwa blanketi lenye madoa ya chui. Lebo ya kiwanda bado inaning'inia. Ruoth alikuwa na usinga mkononi na simu mbili pajani. Mwili ameujenga vizuri. Shingo haionekani.

Hakuzungumza Kijaluo nami. Kijaluo, alisema, ni kidogo.

"Mwalimu, mimi si ruoth ya Wajaluo peke yake. Mimi ni ya taifa. Mkuria, Mkisii, Msomali, hao wote ni watoto yangu."

Ratemo, ambaye ni Mkisii na ana wajukuu, akatazama viatu vyake.

"Mwaka huu sikukuu ya Madaraka inakuja Homa Bay. Nchi yote itakuwa hapa. Nataka mtu akiangalia hiyo picha aseme, aah, hii ndiyo Kenya. Na Kenya ikigeuza macho kidogo, inaona nani?"

"Wewe, Ruoth."

"Umeshika!"

Nikamweleza kwamba zamani wafalme wa nchi nyingi walifanya hivyohivyo, wakawaweka wachoraji nyumbani mwao ili wachore nchi kama mwanamke na mfalme kama mumewe. Alifurahi sana kusikia ana wenzake. Akasema kuanzia leo mimi ni Msanii wa Kasri. Nilitabasamu. Kwenye kioo cha kabati lake niliiona tabasamu hiyo, na haikuwa ya dhihaka kama nilivyokusudia. Miaka thelathini watu wameniomba niwaandikie mabango ya harambee na majina kwenye misalaba. Hakuna aliyewahi kuniomba picha.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa Fardowsa, karibu na stendi, kwa ajili ya mashine. Duka lake linachapa kadi za harusi, mabango ya wanasiasa na vijitabu vya matanga, hasa vya matanga. Ndani kabisa kuna mashine ya chuma ya kukandamiza kwa mkono, ambayo babake, Mzee Abdurahman, aliinunua kwa wamisionari kama vyuma chakavu na akakataa kuikata. Ni mashine nzuri kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Fardowsa ana miaka thelathini na kitu, na mtandio wa kijani wenye tone la wino ambalo halitoki. Nilimweleza kazi. Akasikiliza akiwa anahesabu bahasha.

"Kwa hivyo huyu mtu anakaa na wanawake watano na hakuna hata mmoja bibi yake?"

"Ni istiari, Fardowsa."

"Sawa, Mwalimu. Karatasi ya istiari unataka nzito ama nyepesi?"

Hajui sanaa huyu. Anajua uzito wa karatasi.

Jumamosi, 22 Machi

Macalder. Nilitafuta uso wa Kenya. Wasichana wa Migori wote wamechora nyusi upya, na Kenya haiwezi kuwa na nyusi za kununua.

Njia imeoza kwa mvua. Kila mahali mashimo, mawe yaliyopondwa, wanawake wameinama juu ya karai wakizungusha mchanga na maji, na zebaki inapita vidoleni mwao kana kwamba ni maziwa. Nilimwona mmoja aliyenyooka mgongo. Anaitwa Lynnet. Nilimwambia nataka kumchora, akauliza kwa nini, nikasema kwa ajili ya Ruoth. Akaweka karai chini.

Basi nikasikia hadithi ambayo sikuiomba. Mumewe, Ogweno, aliingia katika mgodi wa chini wa Zadock msimu wa mvua, miaka mitatu iliyopita. Udongo ukaporomoka. Shimo lilifunikwa siku hiyohiyo kwa mashine, na Zadock akatangaza kwamba hapakuwa na mtu ndani. Ogweno, alisema, amevuka mpaka Isebania na yuko Tanzania na mwanamke mwingine. Wenzake waliokuwa shimoni walihamishwa. Mama mkwe, Min Ogweno kama wanavyomwita, akaamini Tanzania. Mama gani hataamini Tanzania ikiwa jibu lingine ni shimo? Lakini akamlaumu Lynnet kwa kumfukuza mwanawe.

Kwetu, mwili usipopatikana, tunazika tunda la mti wa yago, refu kama mkono wa mtu mzima, na marehemu huhesabiwa amezikwa. Lynnet anaomba hilo tu. Shemeji zake hawataki, kwani nani azike yago ya mtu aliye hai? Mume hajafa, kwa hivyo yeye si mjane. Mume hayupo, kwa hivyo si mke. Nyumba inavuja na, kwa mila, hakuna wa kuigusa. Amekwenda langoni kwa Ruoth mara sita.

"Madam, wewe unaingia kwake. Ukichora hiyo nyumba yangu, weka kaburi."

Nilimwambia mimi ni msanii, si chifu. Nilichora uso wake, kisha nyumba yake ya mabati, kwa sababu nyuma ya Kenya lazima pawe na kitu. Mkono wa kushoto wa anayetoka mlangoni kuna rundo la mchanga aliokwisha kuusafisha. Nikalichora pia. Karatasi ilikuwa tupu upande huo.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani pasta amewaombea "viongozi wetu wa kimila". Amepata mabati mapya ya paa. Niliyahesabu badala ya kuomba.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemaliza Amani na Umoja. Amani ana njiwa, na Ruoth anamlisha njiwa. Umoja ana fungu la vijiti, na Ruoth amefunga kamba. Ni upuuzi mtupu, lakini mikunjo ya nguo ya Umoja imenitoka vizuri mno, na nimekaa nikiitazama hadi chai ikapoa.

Jumamosi, 12 Aprili

Ratemo amekuja na maagizo. Haki asifungwe kitambaa machoni, maana Ruoth anataka amwone. Na mizani anayoshika iwe ile ya dhahabu. Nilimuuliza Ratemo kama Ruoth anajua wachimbaji wanasema nini juu ya mizani yake.

"Mwalimu, mimi ni karani tu," akasema.

Anasema hivyo kila mara. Ataandikiwa hivyo kwenye kaburi lake.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimechonga Kenya.

Niliwafundisha watoto wa kidato cha kwanza mambo mawili ya uchapaji, nikigonga meza kwa rula. La kwanza: picha hugeuka kama kwenye kioo, ukichonga kulia, itatoka kushoto. La pili: ubao uliobaki juu hushika wino na kutoka mweusi, ulichokichonga hutoka cheupe. Waliosahau niliwaita majina ambayo siku hizi mwalimu hushtakiwa kwayo.

Kwa hiyo nilikuwa mwangalifu na Ruoth. Usinga lazima uwe mkono wa kuume. Ukitoka wa kuke, nchi nzima itamcheka. Nikaugeuza. Maandishi "Kwa Hisani ya Ruoth" nikayageuza herufi kwa herufi. Nyumba ya nyuma sikuigeuza, nikaihamisha kama ilivyo kwenye karatasi. Nani ataangalia nyuma?

Alhamisi, 17 Aprili

Mgongo.

Jumanne, 22 Aprili

Tumetoa nakala ya kwanza ya Kenya kwa Fardowsa. Lynnet alikuwa Migori kuuza mihogo na nikamwita aje ajione. Nilitegemea aseme amependeza, kama wote. Hakutazama uso wake kabisa. Aliweka kidole kwenye rundo la mchanga.

"Madam. Umemweka."

"Nimemweka nani?"

"Iko kulia."

Fardowsa akainua kichwa kutoka kwenye bahasha zake. "Nani analia?"

"Hakuna anayelia," nikasema. Lakini nilipomtazama Lynnet, kulikuwa na anayelia.

Mtu wa kwetu anaelewa upesi, ila mimi ilinichukua muda. Mwanamume huzikwa kulia kwa mlango wake, yaani kulia kwa anayetoka, mwanamke kushoto. Kiswahili nacho kinajua, ndiyo maana kina mkono wa kuume na mkono wa kuke. Rundo lilikuwa kushoto. Sikuligeuza, basi ubao ukaligeuza wenyewe. Likatoka kulia kwa mlango, refu kidogo, jeusi lenye kingo nyembamba nyeupe kwenye uwanja mweusi wenye mistari ya mvua, na hakuna Mjaluo atakayeliona na kufikiria mchanga.

"Ni rundo la mchanga wako mwenyewe," nikamwambia. "Nimekosea upande."

"Basi endelea kukosea," akasema, na akafunga mihogo yake akaenda.

Nimekasirika. Huwezi kumfanya mtu awe Kenya akaanza kukutuma.

Alhamisi, 1 Mei

Leo Ruoth ameona picha zote. Naandika kwa utaratibu, na naandika kama ilivyotokea.

Tulikuwa watu watatu kasrini: Ruoth kwenye sofa lake, Ratemo mlangoni, mimi. Nilizipanga picha kwenye zulia. Amani, akasema ni tamu. Haki, akaiinua na kuitafuta mizani, akaridhika. Kenya akaitazama muda mrefu. Nilidhani anamtambua Lynnet, mwanamke aliyesimama langoni mwake mara sita.

"Huyu mama ni mrembo," akasema. "Ni nani?"

"Mama mmoja anasafisha dhahabu Macalder."

"Kumbe tuko na warembo huko!"

Hakumjua. Kisha akaona nyuma. Akasogeza karatasi karibu na uso, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Na hii boma?"

"Yake. Karibu na mgodi wa chini."

"Hii ni nini hapa?"

"Rundo la mchanga, Ruoth."

"Mchanga gani! Toa hiyo kitu. Huyo Ogweno hajafa. Ogweno iko Tanzania, niliambia watu."

Hakuna aliyekuwa amemtaja Ogweno katika chumba kile. Mimi nilisema mchanga. Jina alilitoa yeye mwenyewe. Macalder ina nyumba za mabati mia tatu, na mtu asiyeujua uso wa mjane alijua ni mlango upi uliokosa kaburi.

Ratemo alisikia. Nilimwona akisikia. Akatazama viatu vyake. Na mimi, Kezia Awino, Msanii wa Kasri, niliyefundisha watoto elfu moja wasiogope kusimama mbele ya darasa, nilisema, "Sawa, Ruoth. Nitatoa." Nilisema haraka, kwa sauti laini, na nikainama kuokota picha zake sakafuni.

Sijawahi kumdharau mtu kama ninavyomdharau huyo aliyeinama.

Ijumaa, 2 Mei

Nimetoa. Ratemo alisimama nyuma yangu dukani kwa Fardowsa akishika saa yake, na mimi nikashika patasi na kuondoa rundo lote, upesi, nikipuliza vipande vya ubao kana kwamba vina sumu. Ratemo akapapasa ubao kwa kidole, akahisi shimo mahali pa rundo, akasema vizuri, akaenda kunywa chai.

Fardowsa akapaka wino, akaweka karatasi, akavuta mkono wa mashine. Tukaifunua.

Uwanja mweusi, mistari ya mvua, na kulia kwa mlango, mahali nilipochonga, umbo jeupe pe, refu, lenye kingo safi. Kama kaburi lililosakafiwa saruji jana. Kabla ya leo ulihitaji kuwa Mjaluo ili ulione. Sasa hata ndege ataliona.

Jambo la pili. Ulichokichonga hutoka cheupe. Nilikuwa na rula ya kugongea meza kwa ajili ya hilo, na kwa woga wangu nimelisahau kama mtoto wa miaka kumi na minne.

Fardowsa alikunja mikono. "Mwalimu, alisema utoe?"

"Alisema nitoe."

"Na hii imetoka ama imeingia?"

Kulikuwa na njia ya kulificha. Ningechonga uwanja wote uwe mweupe, kazi ya saa moja, na kaburi lingepotea ndani ya weupe. Nilishika patasi tena, naungama. Nikaangalia ule ubao, nikafikiria sofa na lebo yake na "watoto yangu". Sikuwa shujaa. Nilichoka tu kumtumikia mtu ambaye hata dharau yangu ni heshima kwake.

"Amesema nitoe, nimetoa," nikasema. "Chapa."

"Ngapi?"

"Mia mbili, kama alivyoagiza."

Fardowsa akachapa mia mbili na kumi. Hizo kumi, akasema, ni za kuharibika. Hazikuharibika. Nilikosea juu ya huyu mwanamke. Jicho lake ni kali kuliko langu, na halijitangazi.

Jumatatu, 5 Mei

Ratemo amechukua bahasha. Hakuzifungua.

Jumamosi, 10 Mei

Mto Kuja umefurika Nyatike. Watu wanalala shuleni. Ruoth ametuma picha za Umoja.

Jumatano, 21 Mei

Bado hakuna kelele. Ratemo anagawa Kenya boma kwa boma, Macalder yote, kwa amri. Inaonekana mfalme mwenyewe ametazama nakala moja tu, akajiona, akatosheka.

Jumapili, 1 Juni

Madaraka. Homa Bay imejaa bendera, ving'ora, watu wa kofia na watu wa vitambulisho shingoni. Picha zangu zimetundikwa kwenye hema karibu na ziwa, zikipigwa na upepo, na Ruoth amesimama mbele yazo na usinga mkono wa kuume. Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi.

Waliotoka mbali walisifu nguo za Umoja. Wa kwetu walifika kwa Kenya na kusogea karibu. Kisha mzee mmoja mwenye redio chini ya kwapa akauliza kwa sauti, kwa Kiswahili ili wageni wafaidi:

"Ruoth, na hii kaburi nyeupe ni ya nani?"

Nilikuwa hatua tano tu kutoka pale. Nilimwona akiligundua. Shingo ambayo hana ilivimba. Kamera moja ikamgeukia. Akamtafuta Ratemo kwa macho, akanitafuta mimi, kisha akakumbuka yeye ni nani na yuko mbele ya nani.

"Hiyo," akasema, "ni kaburi ya mwananchi asiyejulikana. Wale wote walijenga hii nchi na hatujui majina yao. Nilimwambia msanii wangu: weka hapo."

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mwenye kitambulisho akaandika. Nilitaka kucheka, nikaenda nyuma ya hema nisionekane.

Jumatano, 4 Juni

Lynnet amepiga simu. Min Ogweno alipewa picha yake na Ratemo, akaipigilia ukutani kwa sababu ina muhuri. Jana jirani alimweleza maneno ya Homa Bay. Akaishusha, akakaa nayo mapajani mchana kutwa. Mwishowe akawaita wanawe.

"Ruoth ndiye alisema mtoto wangu yuko Tanzania," aliwaambia. "Sasa Ruoth ndiye ameniletea kaburi lake mpaka nyumbani, na jina lake limeandikwa chini. Nendeni mtafute yago."

Lynnet alinishukuru. Akasema nilikuwa na moyo mkubwa kumchezea mfalme namna ile. Sikumsahihisha. Simu ilikuwa inakata, nilijiambia. Haikuwa inakata.

Ijumaa, 6 Juni

Fardowsa amechapa kijitabu cha matanga cha Ogweno. Jalada ni kaburi jeupe. Hakutaka nimlipe.

Jumamosi, 14 Juni

Wamemzika.

Yago ililetwa imevalishwa shati lake la mistari. Wanawake walilia kilio kilichochelewa miaka mitatu. Lynnet alikaa kulia kwa mlango wake, mbele ya shimo, mjane hatimaye, na mgongo wake bado umenyooka. Min Ogweno, niliyemdhania kikongwe mkaidi tu, alikuwa amemshika mkono na hakuuachia mpaka mwisho.

Saa sita Ruoth akafika na magari matatu na waandishi wawili. Hakuna matanga kwetu yasiyo na mtu wa kunyakua kipaza sauti. Akazungumza Kiswahili chake cha taifa.

"Mimi kama baba ya hii jamii, nimeumia. Wakati nilimwambia msanii wangu achore hiyo kaburi, roho tu ndiyo ilinisukuma. Huyu kijana mimi sikumjua. Hata jina lake, wananchi, nimelisikia wiki hii."

Watu wakaitikia kwa vichwa, hata wale waliomsikia akitangaza Tanzania. Waandishi wakaandika. Ratemo alikuwa nyuma yake, anatazama viatu.

Daftari hili lilikuwa mkobani mwangu. Huwa siliachi nyumbani kwa sababu ya wadaku. Nilijikuta nimesimama, na mwongoza shughuli, akidhani Msanii wa Kasri anataka kusifu, akanipa kipaza sauti kwa adabu.

Sikuhutubia. Kama ningehutubia ningejitia ushujaa. Nilifungua daftari na nikasoma. "Alhamisi, tarehe moja Mei. Leo Ruoth ameona picha zote." Nikasoma kila neno: mama mrembo ni nani, rundo la mchanga, toa hiyo kitu. Nikasoma, "Huyo Ogweno hajafa." Nikasoma, "Hakuna aliyekuwa amemtaja Ogweno katika chumba kile." Nilifika pale pa mtu aliyeinama kuokota picha sakafuni, nikapasoma pia, mbele ya Lynnet, mbele ya walionisifu wiki nzima.

Ruoth akacheka kidogo.

"Hiyo ni kitabu ya hadithi. Mwalimu ni mtu wa mafumbo. Ratemo ulikuwa hapo. Waambie."

Ratemo akainua macho kutoka viatuni. Sikuwahi kujua yana rangi gani. Ni ya kahawia.

"Mimi ni karani tu," akasema. "Lakini karani huandika anachosikia. Alisema Ogweno. Mimi nilisikia."

Hakuna aliyempiga Ruoth, hakuna aliyemtukana. Watu walisogea tu, mmoja mmoja, mpaka akabaki amesimama peke yake upande wa kushoto wa nyumba, upande wa kuke, na usinga wake. Alipotambua yuko upande gani alitembea haraka kwenda garini. Waandishi hawakumfuata. Walikuwa wanamuuliza Lynnet mgodi ulikuwa wapi, na alikuwa anawaonyesha kwa kidole.

Min Ogweno akaja kwangu. Kiswahili chake ni cha sokoni. Akaweka kidole kwenye ukurasa, mahali popote tu, kwani hajui kusoma.

"Hapa ndipo alisema jina ya mtoto yangu?"

Nikakisogeza kidole chake mstari mmoja chini.

"Hapa, mama."

"Soma tena. Polepole."

Nikasoma tena.

Jumapili, 15 Juni

Jua. Min Ogweno aliazima daftari asubuhi, sasa amekataa kunirudishia. Analo mapajani, na jirani anayejua kusoma amekwisha kuitwa mara nne. Haya nayaandika nyuma ya moja ya zile nakala kumi za Fardowsa, na mahali pa kaburi hapajatoka doa upande huu, kwa sababu pale hapakuwekwa wino.